Tusifute Mfereji: Niliyojifunza Nikisafisha Slaidi za Nyumbani

Maelezo yaliyotolewa na Mweka Hazina Msaidizi katika Mkutano Mkuu wa Mwaka wa chama chetu, Dar es Salaam



Mwaka jana nilisimama hapa hapa kuwasomea mapato na matumizi, nikaona baadhi yenu mkisinzia. Sikuwalaumu. Mwaka huu hesabu zimechapishwa kwenye kurasa za nyuma za kijitabu, kila mtu azisome kwa wakati wake, na Katibu ameniomba nizungumzie picha mlizoziona mlangoni mlipoingia. Wengi mmeniuliza zimetoka wapi na nimezisafishaje. Nitaeleza. Nitaeleza pia kosa nililolifanya, kwa sababu kosa hilo nusura lituingize hasara katika mradi wa ndiva na mfereji, ambao ndio uliotukutanisha leo.

Sanduku kutoka Marekani

Miaka miwili iliyopita Katibu alipokea kifurushi. Kilitumwa na binti wa mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani, aliyefundisha shule yetu kati ya mwaka 1965 na 1968. Wazee mnamkumbuka, mmeniambia alikuwa na pikipiki iliyosukumwa na wanafunzi mara nyingi kuliko alivyoipanda. Mwalimu alifariki, na binti yake alipokuwa anapanga vitu vya marehemu akakuta masanduku yaliyoandikwa kwa penseli jina la milima yetu ya Upare. Ndani mlikuwa na slaidi 412. Nilizihesabu mara mbili, mnanijua.

Kwa vijana ambao hawajawahi kuishika slaidi: ni kipande cha filamu chenye milimita 36 kwa 24, kilichobanwa ndani ya fremu ya karatasi ngumu au plastiki yenye sentimita 5 kila upande. Si negativu, rangi zake ni kama zilivyo. Ukiielekeza dirishani unaiona picha. Zamani iliwekwa kwenye projekta, shuka jeupe likatundikwa ukutani, watu wakakaa kutazama. Jambo kubwa la kujua ni hili: slaidi ndiyo filamu ile ile iliyokuwa ndani ya kamera siku ile. Hakuna negativu nyingine iliyobaki mahali. Ikiungua au ikiota ukungu, ndiyo basi.

Tuliuliza bei ya kuzigeuza ziwe picha za kompyuta. Gharama ya slaidi moja ilikuwa si kubwa, lakini ukizidisha kwa 412 ni mifuko mingi ya saruji. Kamati ikaguna. Mimi nikasema, nipeni, nitajifunza.

Msaragambo wa kompyuta

Ndugu zangu, mimi ni mhasibu. Nina miaka 46, shahada yangu ni ya biashara, na programu niliyokuwa naijua vizuri ni ile ya majedwali. Nilinunua skana ya mtumba, ya mezani, ile yenye taa kwenye kifuniko, maana kwa slaidi lazima mwanga upite katikati yake. Skana ya kawaida ya ofisini itakupa kimraba cheusi. Yangu inachukua slaidi 4 kwa wakati mmoja, kwa hiyo kazi yote ilikuwa mizunguko 103. Nilifanya mizunguko miwili au mitatu kila usiku baada ya taarifa ya habari.

Mpwa wangu anayesoma chuo akaniwekea programu ya kurekebisha picha iitwayo GIMP. Hailipiwi. Ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, na mpaka leo inaendelezwa na watu wa nchi mbalimbali, wengi wao wakijitolea. Nilipoambiwa hivyo nikafurahi. Nikasema huu nao ni msaragambo: kila mmoja analeta jembe lake, na mfereji ni wa wote. Wenye uwezo hutumia Photoshop, iliyoingia sokoni mwaka 1990, nayo ni ya kulipia. Kanuni ni zile zile.

Kwa wiki tatu za mwanzo niliharibu kila nilichogusa. Mpwa wangu alikuwa anakaa pembeni na kusema, "Anko, usiguse hiyo." Sheria ya kwanza aliyonipa ilikuwa hii: faili linalotoka kwenye skana halihaririwi kamwe. Unalihifadhi kama lilivyo, unatengeneza nakala, na kazi yote unaifanya kwenye nakala. Nilimwelewa mara moja, kwa kuwa hata kitabu cha risiti kina nakala inayobaki kitabuni.

Niliskani kwa nukta 3200 kwa kila inchi. Hapo kipande kile kidogo cha milimita 36 kinatoa picha yenye nukta zaidi ya 4,500 kwa upana na 3,000 kwa kimo, ya kutosha kuchapisha bango. Nilihifadhi katika muundo wa TIFF, ambao hautupi kitu. Faili moja lilichukua takriban megabaiti 80, na zote 412 kama gigabaiti 33. Muundo wa JPEG, ule wa picha za simu, ni mwepesi zaidi kwa sababu kila unapohifadhi unatupa taarifa kidogo ambazo jicho halizioni haraka. JPEG ni kama muhtasari wa hesabu. TIFF ni daftari lenyewe. Ukiwa na daftari unaweza kutoa muhtasari wowote. Ukibaki na muhtasari tu, huwezi kulirudia daftari.

Kabla ya kuskani, vumbi liliondolewa kwa pampu ndogo ya mpira na brashi laini. Tafadhali wenye slaidi nyumbani msizipulize kwa mdomo. Tone la mate ni doa jipya. Shikeni kwenye kingo, na msiguse na maji.

Udongo wetu ni mwekundu

Slaidi zilikuwa za aina mbili. Zilizoandikwa Kodachrome zilikuwa kama zimepigwa juzi. Filamu hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1935, na kampuni ya Kodak ilitangaza kuiacha mwaka 2009. Ikitunzwa gizani, rangi zake hudumu sana. Slaidi za aina nyingine zilikuwa zimegeuka zote kama zimechovywa kwenye juisi ya rozela. Mlima mwekundu, anga jekundu, watoto wekundu.

Sababu yake ni rahisi kueleza. Filamu ya rangi ina tabaka tatu: njano, majenta, na sayani, ambayo ni bluu yenye ukijani. Kazi ya sayani ni kuzuia mwanga mwekundu. Katika filamu nyingi za zamani sayani hupauka kabla ya wenzake, basi mwekundu unapita ovyo. Ni lango lenye walinzi watatu, na mmoja amelala.

Programu ina chati iitwayo histogramu. Inahesabu nukta zote za picha na kuzipanga kuanzia 0, ambayo ni nyeusi kabisa, hadi 255, ambayo ni nyeupe kabisa. Nilipoiona chati nikapumua. Hatimaye kitu ninachokijua. Kwenye slaidi iliyopauka, nyekundu imesogea yote kulia, na kijani na bluu zimebanana katikati. Unazichukua rangi moja moja, unasogeza alama za mwisho mpaka pale hesabu inapoanzia na inapoishia kweli, na hapo majani yanarudi kuwa majani. Siku ya kwanza nilipofanikiwa nilimwamsha mke wangu saa sita usiku aje aone mgomba.

Ujuzi mdogo ukanipa kiburi. Kuna kitufe cha kusawazisha rangi moja kwa moja, na nikaanza kukibonyeza kwa kila picha ili niende haraka. Nikamaliza picha 60 kwa wiki moja. Nikamwonyesha mzee mmoja wetu anayeishi Temeke. Akazitazama kimya, halafu akaniuliza, "Hapa ni wapi?" Nikamwambia, mzee, hapa ni kwetu, njia ya kupanda shuleni. Akasema, "Kwetu udongo si wa kijivu."

Alikuwa na haki. Kitufe kile kinafanya kazi kwa kudhani kwamba wekundu ukizidi ni kosa. Kwetu wekundu si kosa, ni udongo. Programu iliupeleleza mlima wetu, ikaona mwekundu mwingi, ikausafisha. Nikarudia picha zote 60. Safari hii nilitafuta kitu ambacho rangi yake inajulikana, kama bati jipya, karatasi, au shati jeupe la mwanafunzi lililo juani, nikapima kwa hicho. Na hata hapo niliuliza, kwa sababu shati la mwanafunzi aliyebeba udongo tangu asubuhi si jeupe.

Wazee pia walinisaidia kwa mengine mawili. La kwanza, slaidi ina pande mbili, na ukiiweka kinyume picha inageuka kama kwenye kioo. Kwenye picha ya wanafunzi wakiandamana, maandishi ya bango yalisomeka kinyumenyume, nikagundua mwenyewe. Kwenye picha zisizo na maandishi sikugundua. Mzee alitazama tu mlima akasema umekaa upande wa kushoto badala ya kulia. Picha 23 zilikuwa zimegeuka. La pili ni tarehe. Fremu nyingine zimepigwa muhuri wa mwezi na mwaka, na mimi nikaandika tarehe hizo kama siku ya picha. Kumbe muhuri ni wa siku filamu iliposafishwa, si ilipopigwa. Mhasibu asingepaswa kukosea hapo: tarehe ya hundi ni moja, na tarehe benki ilipoipitisha ni nyingine. Lile bango la wanafunzi linaunga mkono Azimio la Arusha, kwa hiyo picha ile haiwezi kuwa ya kabla ya Februari 1967. Yaliyomo ndani ya picha yalitusaidia kuliko muhuri ulio nje.

Kosa langu

Sasa nafika kwenye kosa.

Baada ya rangi kuna kazi ya madoa na mikwaruzo. Programu ina kifaa cha kuponya: unapitisha brashi juu ya doa, nayo inachukua rangi na umbile la sehemu ya jirani na kuziba. Ni kifaa kitamu mno. Unaanza na doa moja, unajikuta umekaa saa mbili, na kila doa linalotoweka linakupa raha kama deni lililolipwa.

Picha ambayo wengi mmeipenda, ile ya msaragambo, watu wamepanga mstari wakipokezana mawe na mabati ya shule yanang'aa nyuma yao, ilikuwa na mikwaruzo mingi. Mikwaruzo mingi ya filamu hutokea inapoburuzwa ndani ya kamera, kwa hiyo hulala sambamba na urefu wa filamu. Kwenye picha iliyolala hiyo ni mistari ya mlalo. Nikaifuta mmoja baada ya mwingine. Juu ya mabati, kwenye mlima, palikuwa na mstari mwingine, mwembamba, wa rangi hafifu, unaolala vile vile. Nikaufuta. Mlima ukabaki safi, kijani kitupu. Nilijipongeza.

Krismasi iliyopita tulikwenda nayo nyumbani, imechapishwa kwa upana wa mita moja, tukaitundika ukumbini. Watu walijaa. Wengine walilia walipowaona wazazi wao wakiwa vijana. Akaja bibi yetu mmoja mwenye miaka 84, ambaye yumo kwenye ile picha, wa nne kutoka kushoto, na jiwe kichwani. Alijitazama, akacheka. Halafu akanyanyua mkono akaushika mlima pale juu ya mabati, akageuka.

"Mfereji wetu mmeupeleka wapi?"

Nikamjibu kwa heshima kwamba, bibi, picha haionyeshi mfereji. Akasema, "Mwanangu, mimi niliuchimba. Ulipita hapa. Siku hii tulikuwa tunabeba mawe ya kuujengea mdomo wa ndiva. Mzungu alipiga picha kwa sababu ya mfereji, si kwa sababu yetu."

Sikulala vizuri. Usiku ule ule nilifungua kompyuta, nikarudi kwenye faili la kwanza lililotoka kwenye skana, ambalo halijaguswa. Nikalikuza. Mstari ulikuwepo. Nilipoutazama sasa, tofauti ilikuwa wazi, na ningeiona kama ningetulia. Mkwaruzo haujui mlima: unapita umenyooka juu ya kila kitu, anga, bati, uso wa mtu. Mstari ule haukunyooka. Uliingia ndani kila penye korongo, ukatoka nje kila penye mgongo wa mlima, ukapotea nyuma ya mti na kutokea upande wa pili, na ulishuka kidogo kidogo kuelekea kulia. Maji ndivyo yanavyokwenda. Nilikuwa nimeufuta mfereji waliouchimba bibi zetu, kwa brashi, nikiwa nimekaa kwenye kiti Dar es Salaam.

Naomba mlifikirie hilo, kwa sababu nina wasiwasi ningekuwa nimelifuta lile faili la kwanza. Miezi michache kabla, diski yangu ilijaa, na gigabaiti 33 zilinikera. Nilisita tu kwa sababu ya mpwa wangu.

Kwa nini ni muhimu leo

Vijana waliozaliwa mjini huenda hawajui ndiva. Ni bwawa dogo la udongo na mawe ambalo wazee wa Upareni walijenga chini ya chemchemi au kijito. Maji ya usiku, ambayo yangepotea bure, yanakusanywa humo. Asubuhi tundu linafunguliwa na maji yanagawiwa kwa zamu kwenye mashamba. Yetu imejaa tope miaka mingi, na sehemu ya juu ya mfereji ilifunikwa na maporomoko ya mvua za El Nino za 1997 na 1998. Waliobaki tuliujua mfereji wa chini tu.

Makadirio ya mradi tuliyowaletea mwaka jana yalianza na mfereji huo wa chini, na kwa kuwa uko chini ya ndiva, yalihitaji pampu. Pampu inahitaji mafuta, na mafuta yanahitaji michango kila mwezi mpaka mwisho wa dunia. Wazee walisema kikaoni kwamba maji yalitoka juu na kushuka yenyewe. Tuliwasikiliza kwa adabu, kisha tukaandika pampu, kwa sababu hawakuwa na karatasi.

Asubuhi baada ya usiku ule, wazee wawili, vijana sita na mimi tulipanda tukiwa na picha mpya iliyochapishwa kutoka kwenye faili la kwanza. Picha peke yake isingetosha. Inaonyesha mstari, haionyeshi unaanzia wapi. Wazee peke yao wasingetosha, maana kichaka kimebadilisha kila kitu. Tulipoweka mti wa kwenye picha sawa na kisiki kilichopo, wazee wakaonyesha, vijana wakafyeka. Sehemu mbili tulikuta mawe yaliyopangwa kwa mkono. Mahali pa kuchukulia maji tulipaonyeshwa chini ya mwamba, na maji yapo.

Mhandisi wa maji ameipokea picha hiyo na amekubali kupima upya. Ndiyo maana katika kijitabu hiki mtaona Kamati imesimamisha fungu la pampu mpaka upimaji ukamilike. Siwezi kuwaahidi matokeo. Lakini afadhali tulipe gharama ya kupima kuliko kununua pampu kwa sababu mhasibu wenu alipenda mlima safi.

Viatu na nyuso

Tangu hapo nimekuwa mkali, na baadhi yenu mmenikasirikia, basi nijieleze.

Mwenzetu mmoja aliniomba niwavishe viatu wanafunzi wa ile picha ya mstarini, kwa sababu itaonekana na wafadhili. Inawezekana, ni kazi ya jioni moja. Nilikataa. Watoto wale walikuwa pekupeku, na pekupeku hivyo hivyo walijenga shule iliyotusomesha sisi wenye viatu.

Mwingine aliniletea uso wa marehemu baba yake, mdogo kama punje ya mahindi katika kundi la watu, akaomba ukuzwe kwa programu za akili mnemba. Nilijaribu. Ukatoka uso mzuri, macho maangavu, kila unywele mahali pake. Tulipompelekea shangazi yake, alisema, "Mzuri, lakini si kaka yangu." Programu ile haikukuza kitu. Nukta za uso ule zilikuwa chache mno, ikajaza kwa kubuni kutokana na nyuso nyingine ilizowahi kuonyeshwa. Mwenzetu akachagua ule wenye ukungu, ambao ni wa baba yake.

Katika fani yangu, ukikosea kwenye daftari hufuti kwa mpira. Unapiga mstari mmoja ili cha zamani kisomeke, unaandika sahihi pembeni, na unaweka saini. Au unafanya ingizo la kusahihisha na maelezo yake. Programu ya picha inaruhusu jambo hilo hilo kwa njia ya leya, yaani kama karatasi angavu juu ya picha: marekebisho yote yanakaa kwenye karatasi hiyo, na ukiiondoa, picha ya chini iko vile vile. Nilikuwa silitumii kwa uvivu. Sasa utaratibu wangu ni huu: rangi iliyopauka narudisha, vumbi nisilo na shaka nalo naondoa, kwenye leya yake, mstari au kivuli nisichokielewa nakiacha mpaka nimpate wa kumuuliza, na kila picha ina maelezo ya nilichofanya. Nakala ziko tatu: moja kwangu, moja kwa Katibu, na moja nyumbani, shuleni.

Tunachoomba

Ndugu Mwenyekiti, namalizia na maombi matatu.

La kwanza, fungu la upimaji na ufukuaji wa mfereji wa juu lipo kwenye fomu ya ahadi. Tafadhali jazeni kabla ya chakula. Baada ya chakula watu hukumbuka foleni ya Morogoro Road. Nguvu kazi itatolewa nyumbani kwa msaragambo, wameshakubali. Sisi wa mjini tulete saruji, nondo na gharama za wataalamu.

La pili, leteni picha zenu. Zipo kwenye masanduku ya bati chini ya vitanda, kwenye albamu zenye nailoni iliyoganda, kwenye Biblia za marehemu. Hatuchukui; tunaskani mbele yenu na kuwarudishia hapo hapo. Msizisafishe, msizibandue kwa nguvu, msizipake chochote.

La tatu ndilo la haraka. Katika slaidi 412, nyingi zina watu, na mpaka leo watu waliopatikana majina ni chini ya nusu. Programu nilijifunza kwa miezi minane, na kijana mwenye bidii atajifunza kwa miwili. Lakini hakuna programu inayojua kwamba wa nne kutoka kushoto ni nani, au ule mstari mlimani ni nini. Hayo yako kwa wazee mliokaa safu ya mbele. Vijana, leo baada ya mkutano kuna meza mbili pale nyuma, kila moja ina kompyuta na daftari. Kila kijana akae na mzee mmoja, amwonyeshe picha, aandike anachosema kama anavyosema, hata kama wazee wawili watatofautiana. Wakitofautiana, andikeni yote mawili na majina yao.

Bibi yetu alinituma ujumbe kwenu. Alisema, waambie wasiuite mfereji mpya. Upo, umefunikwa tu.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kuwasilisha.